Mashua zilizopita mchangani: watu wa Katanga na safari ya 1915 kutoka Fungurume hadi Kalemie

KALEMIE, jimbo la Tanganyika – Wakaaji wengi wa Kalemie wamesikia kwamba Vita Kuu ya Kwanza ya dunia ilifika mpaka kwenye ziwa lao. Wachache wanajua kwamba mashua mbili zilizogeuza vita hiyo hazikuja kwa maji peke yake. Ndani ya Afrika zilikuja kwa sehemu kubwa kwa nchi kavu, na kipande kigumu kuliko vyote zilikipita zikiwa zimelazwa juu ya matela ya magurudumu, zikivutwa kwa muda wa wiki sita hivi katika mchanga, mavumbi na milima ya Katanga. Wachache zaidi wanajua ni nani hasa waliozivusha.

Habari hii imeandikwa mara nyingi huko Ulaya, na mara nyingi kwa kuchekesha, kwa sababu kamanda wa msafara alikuwa mtu wa vituko. Lakini ukiitazama kutoka barabarani, ni habari ya vijiji. Ni habari ya watu waliokata miti, waliochimba, waliojenga madaraja na waliobeba maji kichwani. Familia zilizohama makwao, ambazo zimewahi kungoja siku nzima lori lililonasa njiani na vyakula, zitaielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Ziwa lilikuwa mikononi mwa Wajerumani

Vita ilipoanza mwezi wa 8 mwaka 1914, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani, na ng'ambo hii ilikuwa ya Wabelgiji. Wajerumani walikuwa na meli ndogo iliyoitwa Hedwig von Wissmann. Katika mwezi huohuo wa 8 waliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakaiharibu. Tangu siku hiyo Wabelgiji hawakuwa na kitu cha kupigania majini. Wajerumani walikuwa pia na Kingani, na mwaka 1915 waliongeza meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70. Meli hiyo ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa huko upya.

Aliyekuwa na ziwa ndiye aliyeamua askari watavuka wapi na chakula kitapita wapi. Kwa hiyo mwindaji mmoja, John R. Lee, aliyeifahamu sehemu hii ya Afrika, alikwenda London mwezi wa 4 mwaka 1915 na kupeleka wazo kwa wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza: mashua ndogo zenye mbio zipelekwe ziwani kwa kupitia kusini. Wazo lilikubaliwa upesi. Zilichaguliwa mashua mbili za mbao, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zenye injini za petroli. Zilipewa majina ya Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya kuitia paka na mbwa. Kamanda aliyewekwa ni Geoffrey Spicer-Simson, na Waingereza aliopewa hawakufika 30.

Mashua zilipakiwa melini mwezi wa 6, zikafika Cape Town mwanzoni mwa mwezi wa 7. Kutoka hapo zilipanda treni kuelekea kaskazini, zikapita Rhodesia, zikafika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mwanzoni mwa mwezi wa 8 zilikuwa Fungurume. Hapo reli ilikwisha.

Pengo kati ya reli mbili

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kwa nini treni haikuendelea. Jibu ni kwamba mwaka 1915 reli ya Katanga ilikuwa bado inajengwa. Ilikuwa imefika Elisabethville mwaka 1910 na lengo lake lilikuwa Bukama, mahali ambapo mto Lualaba unaanza kufaa kwa meli. Reli kamili ilifika Bukama mwaka 1918 tu. Katikati kulikuwa na kipande kifupi kutoka Sankisia hadi Bukama ambacho kilikuwa kinafanya kazi peke yake. Upande wa kaskazini nako, reli ya kutoka Kabalo mpaka ziwani, kilomita 273, ilikuwa imekamilika mwaka huohuo wa 1915. Yaani njia ilikuwepo karibu yote. Kilichokosekana ni kipande kimoja, kutoka Fungurume hadi Sankisia, kilomita 235 hivi.

Kwa mtu anayetembea na mzigo kichwani, hizo ni siku nane au kumi. Kwa tela lililobeba mashua ya mita 12, ilikuwa habari nyingine. Hakukuwa na barabara ya gari. Kulikuwa na njia za miguu, msitu wa miombo, mabonde, vijito, na mbele kabisa milima ya Mitumba, ambayo msafara ulilazimika kuipanda mpaka mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari.

Tena kulikuwa na saa inayokimbia. Kiangazi cha Katanga kinakwisha kuelekea mwezi wa 10. Mvua ikianza kabla msafara haujafika Sankisia, kila bonde lingekuwa tope na mashua zingebaki porini mpaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo walisafiri katikati ya ukame. Ukame uliwaepusha na tope, lakini uliwapa mchanga.

Kwa nini mchanga hushinda gurudumu

Anayetoka Fungurume kwenda Bukama anapita karibu na miinuko ya Biano. Miinuko hii ya juu ya Katanga imefunikwa sehemu nyingi na mchanga wa aina ya Kalahari, mchanga mwepesi ambao upepo wa zamani sana uliusambaza kutoka kusini. Wakati wa mvua unashikamana kidogo. Wakati wa kiangazi, punje zake zinakauka na kuteleza moja juu ya nyingine kama mahindi ndani ya gunia.

Gurudumu likiingia katika mchanga wa namna hiyo, uzito wote unakaa juu ya sehemu ndogo ya ardhi. Mchanga unakimbia pembeni, gurudumu linazama, na mbele yake inatokea ngazi ndogo. Gari sasa linajaribu kupanda ngazi ambayo linaitengeneza lenyewe. Dereva akiongeza moto, gurudumu linazunguka bila kushika na kuchimba shimo zaidi. Hapo ndipo injini yenye nguvu inageuka kuwa adui wa dereva, kwa sababu nguvu hiyo inatumika kuchimba kaburi la ekseli.

Tela linaongeza taabu mara mbili. Magurudumu yake hayana nguvu yoyote, yanaburutwa tu. Kila moja linalima mfereji wake, na uzito wa mifereji yote unarudi kwenye ndoano ya gari la mbele. Kama upana wa tela si sawa na upana wa gari linalolivuta, magurudumu yake hayafuati njia iliyokwisha kushindiliwa, yanafungua nyingine mpya kandokando. Na likizama likiwa limepinda, haliwezi kurudishwa nyuma: linajikunja kama kiwiko.

Madereva wa leo wana dawa kadhaa. Kabla ya kuingia mchangani hupunguza upepo wa matairi, ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa zaidi, kisha hujaza tena wanapofika kwenye ardhi ngumu, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa na mzigo linapata moto na kupasuka. Huingia kwa mwendo wa sawasawa bila kubadili gia katikati. Hawafungi breki ghafla, kwa sababu breki inasukuma rundo la mchanga mbele ya magurudumu. Wakitaka kusimama, husimama kwenye mteremko. Hupenda kupita alfajiri, mchanga ukiwa bado na ubaridi na unyevu wa usiku. Gari likikataa, hawalilazimishi. Huchimba mbele ya kila gurudumu, hutandika matawi au mbao, na kama bado halitoki, hulifungua tela, hupeleka gari peke yake mpaka kwenye ardhi ngumu, kisha hulivuta tela kwa kamba ndefu.

Msafara wa 1915 haukuwa na dawa ya kwanza. Magurudumu yake yalikuwa ya chuma. Chuma hakipunguzwi upepo. Zilibaki dawa nyingine zote, na zote zilidai mikono ya watu.

Mashine za mvuke na ng'ombe

Kazi ya kuvuta iligawanywa kati ya mashine mbili za mvuke na makundi ya ng'ombe. Mashine hizo zilifanana na kichwa cha treni kilichoshushwa barabarani: pipa kubwa la maji, jiko la kuni chini yake, bomba la moshi, na magurudumu mapana ya nyuma yenye meno ya chuma. Kwenye ardhi ngumu meno yalishika vizuri. Kwenye mchanga yaliukata na kuutupa nyuma. Mashine yenyewe ilikuwa nzito kuliko mashua iliyoivuta, hivyo mara nyingi aliyehitaji kuokolewa kwanza alikuwa mvutaji.

Ilipozama, palihitajika watu wa kufukua, wa kukata magogo na kuyalaza mbele ya magurudumu, na wa kuyaokota nyuma na kuyakimbiza tena mbele. Mashine za aina hii kwa kawaida zilikuwa na ngoma ya kamba ya chuma. Kwa hiyo iliwezekana mashine kutangulia peke yake, kusimama mahali pagumu, kufungwa isisogee, kisha kulivuta tela kwa kamba polepole. Ni ileile dawa ya kufungua tela ambayo dereva wa lori anaitumia leo. Hatari yake nayo ni ileile: kamba ya chuma iliyokazwa ikikatika, inarudi kwa nguvu ya kumkata mtu, ndiyo maana watu wenye uzoefu hawasimami kando yake.

Milimani mashine peke yake haikutosha. Hapo zilitumika kamba, kapi zilizofungwa kwenye miti mikubwa, na ng'ombe wengi kwa pamoja. Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, maana tela lililobeba mashua likianza kukimbia halina breki inayoweza kulizuia. Lilifungwa kamba kwa nyuma na kuachiwa kidogokidogo, watu wakiwa wamezungusha kamba hizo kwenye miti.

Kabla ya yote hayo, njia yenyewe ilibidi itengenezwe. Kazi ya kuifungua ilianza kabla ya mashua kufika, kwa mikono ya vibarua Waafrika. Miti ilikatwa, na visiki vikang'olewa, kwa sababu kisiki kimoja kilichobaki kinaweza kuvunja ekseli. Juu ya vijito na makorongo yalijengwa madaraja ya magogo zaidi ya 100. Kila daraja lilihitaji kubeba mashine ya tani nyingi kwa muda wa dakika chache, na baada ya hapo halikuwa na kazi tena. Mengine yalilegea chini ya uzito na kutengenezwa upya huku msafara ukingoja.

Msafara uliondoka Fungurume katikati ya mwezi wa 8 na kufika Sankisia mwishoni mwa mwezi wa 9. Ukigawa kilomita 235 kwa siku hizo, unapata wastani usiofika kilomita 6 kwa siku. Mtoto wa shule anatembea mwendo huo kabla ya jua kuwa kali.

Mitungi ya akina mama

Mashine ya mvuke inakula kuni na inakunywa maji. Kuni zilikuwa porini pande zote. Maji ndiyo yaliyokuwa taabu. Katika mwezi wa 9 vijito vya miinuko vimekauka, na mchanga haushiki maji juu: yanazama chini sana. Kuna sehemu ya njia ambapo msafara haukupata maji ya kutosha hata kwa watu na ng'ombe, sembuse kwa mapipa ya mashine. Pipa la mashine kama hiyo haliruhusiwi kukauka moto ukiwa unawaka, kwani linaweza kuharibika au kupasuka. Bila maji, mashine zote mbili zilikuwa vyuma vilivyosimama msituni.

Waliozisogeza ni akina mama wa vijiji vya jirani. Waliajiriwa kuchota maji mbali na kuyaleta kichwani kwa mitungi. Mtungi mmoja baada ya mwingine ulimiminwa ndani ya tangi la mashine, na kwa maji hayo mashine zilitembea mpaka zilipofika kwenye maji mengine.

Jambo hili linatajwa na waandishi wa Kiingereza waliosimulia safari hiyo, lakini kwa mistari michache, kama kituko kimojawapo cha njiani. Ukilipima kwa hesabu ya kazi, halikuwa kituko. Katika kipande hicho cha njia, nguvu iliyovuta mashua za mfalme wa Uingereza ilitoka kwenye shingo za wanawake wa Katanga.

Waliajiriwa kwa makubaliano au kwa amri? Hapo inafaa kukumbuka utawala wa wakati ule. Amri ya serikali ya Ubelgiji ya mwaka 1910 ilikuwa imewafanya machifu kuwa sehemu ya utawala wa koloni. Mkubwa wa serikali alipohitaji vibarua au wabebaji, alimwambia chifu, na chifu alitafuta watu. Malipo yalikuwepo, lakini kukataa halikuwa jambo jepesi. Katika miaka hiyo ya vita, wabebaji waliochukuliwa Kongo kwa ajili ya mapigano ya Afrika ya Mashariki walizidi 200,000. Wengi walibeba vyakula na risasi kwa miguu mpaka nchi ambazo hawakuwahi kuzisikia, na wako ambao hawakurudi.

Mchanga chini ya maji

Kutoka Sankisia mashua zilipanda treni kwa mwendo mfupi mpaka Bukama, na mwanzoni mwa mwezi wa 10 ziliteremshwa katika Lualaba. Watu walidhani shida imekwisha. Lakini kiangazi kilekile kilichokausha vijito kilikuwa kimepunguza mto. Chini ya maji kulikuwa na mafungu ya mchanga, na mashua zilikwama juu yake tena na tena. Zilifungwa mapipa matupu pembeni ili zielee juu zaidi, watu wakashuka majini wakazisukuma. Mbele zaidi, mto ulipokuwa na kina, meli ya Wabelgiji ilizisaidia, na mwezi wa 10 ukiwa haujakwisha zilifika Kabalo, zikapanda treni ya mwisho, zikafika kando ya ziwa, karibu na mlango wa mto Lukuga.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nayo yalikwenda haraka. Baada ya kutengeneza mahali pa kuegesha, mashua ziliteremshwa ziwani siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915 ziliikamata Kingani, ambayo ilitengenezwa na kupewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Mwezi wa 7 mwaka huohuo, askari wa Force Publique wakiwa wanaikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen ili isichukuliwe. Mwezi wa 9 Force Publique, jeshi ambalo askari wake walikuwa Wakongomani chini ya maofisa Wabelgiji, liliingia Tabora.

Nani aliyeandikwa

Katika vitabu vya safari hii, majina ya maofisa yapo, na ya daktari wao pia. Majina ya mashua yapo. Yupo hata mbuzi aliyekutwa ndani ya Kingani siku ilipokamatwa, akafugwa na mabaharia. Mmoja wa walioshiriki, Frank Magee, alichapisha masimulizi yake mwaka 1922 katika gazeti la Marekani la National Geographic, na picha zikawaonyesha wasomaji wa mbali jinsi mashua zilivyopita msituni.

Watu waliofungua njia wanaonekana katika masimulizi ya namna hiyo, lakini kama kundi. Wanaitwa wenyeji, vibarua, wabebaji. Hakuna orodha ya waliojenga madaraja yale zaidi ya 100. Hakuna jina la mama mmoja aliyebeba mtungi. Kijiji walikotoka, walilipwa nini, nani aliumia kamba ilipokatika au gogo lilipoanguka, hayo hayakuandikwa kwa sababu aliyekuwa na kalamu hakuyaona kuwa ni habari.

Hasara yake si ya heshima tu. Watu wakifutwa katika habari, na maarifa yao yanafutwa. Msomaji wa Ulaya anabaki akiamini kwamba mashine mbili za mvuke zilishinda Katanga. Mashine zilikuwa muhimu, hilo halina ubishi. Lakini katika mchanga mashine ilifika pale tu ambapo watu walikuwa wameitayarishia ardhi ya kukanyaga, kuni za kuwasha na maji ya kunywa. Aliyejua kisima kiko wapi mwezi wa 9, aliyejua mti upi haupasuki ukilazwa juu ya kijito, ndiye aliyekuwa fundi wa barabara ile.

Barabara za leo na meli inayokumbukwa

Leo malori ya shaba na kobalti yenye matela marefu yanapita Fungurume kwenda mpaka wa Kasumbalesa, juu ya lami. Hali ni tofauti kwa anayesafiri ndani ya jimbo la Tanganyika. Njia za kwenda Nyunzu, Manono, Moba au Kongolo zina vipande ambapo lori linategemea zaidi watu walio juu yake na watu wa kijiji cha karibu kuliko injini yake. Wakati wa mvua ni tope, wakati wa kiangazi ni vumbi na mchanga. Likizama, vijana wa kijiji wanakuja na majembe na mabeleshi, wanakata matawi, wanachimba, wanasukuma. Wanalipwa kidogo, au wanapewa ahsante. Miongoni mwao mara nyingi wako watu waliohama vijiji vyao, na mzigo ulio ndani ya lori huenda ni unga na maharage vinavyopelekwa kwa familia kama zao.

Ripoti ya mwisho wa mwezi itataja tani zilizofika. Itataja idadi ya malori. Si kawaida itaje vijana waliochimba tangu asubuhi mpaka saa kumi ili tani hizo zifike. Tofauti na mwaka 1915 ni kwamba sasa wako watu wa hapahapa wanaojua kusoma na kuandika, wenye simu na redio. Daftari moja kwa chifu wa kijiji, lenye tarehe, jina la mahali na majina ya waliofanya kazi, linatosha kufanya kile ambacho msafara wa Waingereza haukufanya. Daftari hilo linasaidia pia kwa jambo la karibu zaidi: linaonyesha ni kipande gani cha barabara kinachonasa magari kila mwaka, na kwa hiyo mawe na changarawe vianze kuwekwa wapi.

Graf von Götzen haikubaki chini ya maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Meli hiyo ambayo mashua mbili zilivutwa mchangani kwa ajili ya kupigana na wenzake, ilikuja kuwa meli ya wasafiri na wachuuzi wa ziwa zima. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, ilitumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, kurudisha nyumbani Wakongomani zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mwaka 2015 iliwabeba Warundi waliokimbia nchi yao, kutoka Kagunga hadi Kigoma. Miongoni mwa familia za ng'ambo hii ya ziwa wako wazee na akina mama waliorudi juu ya sitaha yake wakiwa na watoto na sufuria zao.

Hao wako hai, na majina yao bado yanaweza kuandikwa. Kwa safari ya 1915 nafasi imebaki ndogo. Waliobeba mitungi hawapo tena, na watoto wao karibu wote wamekwenda. Lakini katika vijiji vya kutoka Fungurume kupitia Lubudi mpaka Bukama kuna wajukuu, na katika familia nyingine huenda kuna jina la babu au bibi linalotajwa pamoja na mashua iliyopita msituni. Mwenye kulijua jina hilo amwambie mwanafunzi wa nyumbani kwake aliandike sasa, pamoja na jina la kijiji, kabla nalo halijazama.